H&M haina duka Koboko, lakini lebo yake ipo sokoni

Kampuni ya mavazi ya Uswidi, H&M, haina duka hata moja nchini Uganda. Hata hivyo, katika masoko ya Arua na Koboko, na hadi kwenye vituo vidogo vya biashara vya Abuku, fulana na magauni yenye jina lake huuzwa kila wiki kando ya yale ya Zara, Primark na Next. Makala haya yanaeleza jinsi maamuzi ya kibiashara yanayopitishwa Stockholm yanavyomfikia mchuuzi wa mivumba aliye mpakani mwa nchi tatu, na kwa nini hasara isiyoandikwa katika vitabu vya kampuni huishia mikononi mwake.

Abuku ni kaunti ndogo ya wilaya ya Koboko, kaskazini-magharibi kabisa mwa Uganda. Wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Arua mwaka 2005. Upande mmoja iko Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande mwingine Sudan Kusini, na pale Salia Musala mipaka ya nchi zote tatu hukutana. Soko la eneo hili halina lugha moja. Muuzaji huanza kwa Kikakwa, mnunuzi akajibu kwa Lingala au Kiarabu cha Juba, Kilugbara na Kinubi vikaingia katikati, na mara nyingi bei ikakatwa kwa Kiswahili. Kitu kimoja hakihitaji mkalimani: lebo ndogo iliyoshonwa ndani ya kola.

Mnunuzi mzoefu hugeuza kola kabla ya kuuliza bei. Hatafuti ukubwa peke yake. Anatafuta jina analolijua, kisha anavuta kitambaa kwa vidole kuona kama kinarudi, anakagua kwapa na mishono, ndipo anapoinua macho kumtazama muuzaji. Shati lisilo na jina na shati lenye jina linalojulikana, hata kama yalitoka kiwanda kimoja Bangladesh, hayauzwi kwa bei moja. Hapo ndipo chapa inapofanya kazi yake, maelfu ya kilomita kutoka kwa mwenye chapa, bila yeye kulipa tangazo na bila yeye kupata shilingi.

Jina lililoanzia katika mji mdogo

Chapa, kwa maana ya kibiashara, ni zaidi ya nembo. Ni ahadi ambayo mnunuzi ameizoea kiasi kwamba haihakikishi upya kila mara anapoingia dukani. Ahadi ya H&M ilitungwa na Erling Persson, aliyefungua duka la nguo za wanawake katika mji wa Västerås mwaka 1947 na kuliita Hennes, neno la Kiswidi lenye maana ya "vyake", yaani vya mwanamke. Mwaka 1968 alinunua duka la vifaa vya uwindaji la Mauritz Widforss mjini Stockholm, lililokuwa pia na akiba ya nguo za wanaume, na jina likawa Hennes & Mauritz. Kampuni iliingia katika soko la hisa la Stockholm mwaka 1974. Duka la London lilifunguliwa mwaka 1976, la New York mwaka 2000. Barani Afrika, duka la kwanza la Afrika Kusini lilifunguliwa Cape Town mwaka 2015.

Ahadi yenyewe ni rahisi kuisema na ngumu kuitimiza: mtindo wa msimu huu kwa bei ambayo kijana anaweza kuilipa. Ili kuitimiza, H&M iliamua mapema kutomiliki viwanda. Wabunifu wake huchora, ofisi zake za manunuzi hutafuta wazalishaji wa mikataba, wengi wao Asia, na oda hutolewa kwa wingi mkubwa ili gharama ya kila kipande ishuke. Mpinzani wake mkuu, kampuni ya Inditex ya Uhispania inayomiliki Zara, ilichagua njia tofauti. Sehemu kubwa ya nguo zake hushonwa karibu na makao yake, katika Uhispania, Ureno, Moroko na Uturuki, kwa mafungu madogo yanayofuata kile kilichouzwa wiki iliyopita. Zara hulipia zaidi ushonaji, lakini haibashiri mbali. H&M hulipia kidogo, lakini hubashiri miezi kadhaa mbele kile ambacho wateja watapenda.

Ili jina la bei nafuu lisionekane kuwa jina la vitu hafifu, mwaka 2004 H&M ilimwalika mbunifu mashuhuri Karl Lagerfeld atengeneze mkusanyo mdogo wa nguo. Ziliisha haraka, na tangu hapo ushirikiano wa namna hiyo ukawa desturi ya kampuni. Kisha zikaja chapa dada kama COS, & Other Stories na Arket kwa wateja wenye fedha zaidi, kila moja ikiwa na sura yake, ili jina moja likichosha watu, jingine liwe limesimama.

Mfumo huo ulikua kwa miongo. Ulipokwama, ulikwama waziwazi.

Mwaka ambao ghala lilijaa

Machi 2018 kampuni ilieleza kwamba ilikuwa na nguo ambazo hazijauzwa zenye thamani ya takriban dola bilioni 4.3. Ubashiri wa mbali ulikuwa umekosea: wateja walikuwa wamehamia mtandaoni, washindani wapya walikuwa wepesi zaidi, na maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo msimu wake umepita. Dawa ya kawaida katika biashara hii ni kushusha bei. Lakini punguzo nalo lina gharama kwa chapa, maana mteja akizoea kununua kwa nusu bei, bei kamili huanza kuonekana kama wizi.

Kampuni nyingine zilitumia dawa kali zaidi. Burberry ya Uingereza ilikiri mwaka 2018 kwamba katika mwaka wake wa fedha uliotangulia iliharibu bidhaa zenye thamani ya pauni milioni 28.6. Mantiki ya wauzaji wa bidhaa za anasa ni kwamba mkoba unaouzwa kwa bei ya kutupa sokoni humdhalilisha aliyeununua kwa bei kamili dukani. Baada ya ghadhabu ya umma, Burberry ilitangaza kuacha desturi hiyo. H&M nayo iliguswa: mwaka 2017 iliripotiwa kwamba kituo cha umeme cha Västerås, mji uleule alikoanzia Persson, kilichoma tani kadhaa za nguo zake kama nishati. Kampuni ilisema nguo hizo zilikuwa zimeota ukungu au hazikutimiza masharti ya kemikali.

Mwaka huohuo wa 2018 ulianza kwa aibu ya namna nyingine, na hii iligusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mwezi Januari tovuti ya H&M ilionyesha picha ya mvulana mweusi amevaa sweta yenye kofia iliyoandikwa kwa Kiingereza maneno yenye maana ya "tumbili mtanashati kuliko wote msituni". Mtoto huyo alikuwa wa familia yenye asili ya Kenya inayoishi Uswidi. Mwanamuziki The Weeknd alivunja ushirikiano na kampuni, na nchini Afrika Kusini waandamanaji wa chama cha EFF walivamia maduka, mengine yakafungwa kwa muda. H&M iliomba radhi, ikaiondoa nguo hiyo na kuteua kiongozi wa masuala ya utofauti na ujumuishi. Mama wa mtoto, kwa upande wake, alisema hakuona ubaya katika picha hiyo, na maneno yake yakawagawa wengi, wakiwemo Wakenya wenyewe.

Kisa hicho hufundishwa kama somo la jinsi ya kutosimamia chapa. Kuna jambo dogo ndani yake ambalo halisemwi sana. Kampuni ilitikisika kwa sababu Johannesburg na Cape Town kuna maduka ya kufungwa na wateja wa kupotezwa. Koboko, ambako mtu mweusi huvaa jina lilelile kifuani, hakuna duka la kufunga. Aliyevaa fulana hiyo Abuku haonekani katika takwimu zozote za mauzo, kwa hiyo hana njia ya kuiadhibu kampuni wala ya kuithawabisha.

Mfuko wa nguo mlangoni mwa duka

Mwaka 2013 H&M ilianza kuweka masanduku ya kukusanyia nguo kuukuu katika maduka yake duniani. Mteja huleta mfuko wa nguo, za chapa yoyote, naye hupewa vocha ya punguzo kwa manunuzi yajayo. Kwa usimamizi wa chapa lilikuwa wazo la werevu mno: mteja aliyekuwa na hatia kidogo kwa kununua mno alipunguziwa hatia hiyo na wakati huohuo akapewa sababu ya kununua tena. Wengi wa wasikilizaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya, Marekani na Australia wamewahi kuona masanduku hayo, au yale ya mashirika ya hisani yaliyo kando ya barabara.

Nguo zilizokusanywa hazibaki na H&M. Kwa miaka mingi zilichukuliwa na kampuni ya I:CO ya Ujerumani; mwaka 2023 ilianza kazi Looper Textile, kampuni ambayo H&M inaimiliki pamoja na Remondis, kampuni ya taka ya Ujerumani. Katika vituo vya kuchambulia, wafanyakazi huzitenga kwa mikono: zinazoweza kuvaliwa tena, zinazofaa kuwa matambara ya viwandani, zinazosagwa kurudi kuwa nyuzi, na zisizofaa kitu. Zile za kuvaliwa ndizo zinazolipia gharama ya kazi yote, na soko lake kubwa liko nje ya Ulaya. Mwaka 2023 gazeti la Uswidi la Aftonbladet liliweka vifaa vidogo vya kufuatilia mahali ndani ya nguo nzima zilizowekwa katika masanduku ya H&M, likaziona zikisafiri maelfu ya kilomita, nyingine hadi Afrika.

Safari ya kuelekea West Nile ni ndefu hata kwa mizani ya biashara hiyo. Nguo zilizochambuliwa, iwe Ulaya, Amerika Kaskazini au katika vituo vya Ghuba na India, hubanwa kwa mashine kuwa marobota, yaani mabelo, yenye uzito ambao mara nyingi ni kilo 45. Kontena hushushwa Mombasa na kuvuka mpaka hadi Kampala, ambako waagizaji wakubwa huyagawa marobota kwa wafanyabiashara wa soko la Owino na mitaa jirani. Kutoka huko lori hupita Karuma, huvuka mto Nile pale Pakwach na kufika Arua baada ya takriban kilomita 480. Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, iliyojengwa muongo uliopita, imerahisisha kipande cha mwisho. Kutoka Koboko baadhi ya mzigo huendelea hadi Kaya na Yei nchini Sudan Kusini, au hugeuka magharibi kuelekea Ingbokolo na Ariwara nchini Kongo, na mwingine hufungwa nyuma ya bodaboda na kupelekwa vijijini.

Kila kituo huongeza faida ya mtu na kodi ya serikali. Kwa mujibu wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mivumba hutozwa asilimia 35 ya thamani yake au senti 40 za dola kwa kilo, chochote kilicho kikubwa zaidi, na Uganda huongeza tozo ya mazingira.

Kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Robota huuzwa likiwa limefungwa. Mchuuzi huambiwa aina, kwa mfano "fulana za wanawake, daraja la kwanza", hulipa, hulibeba, na ndipo hukata kamba. Hakuna wa kumrudishia. Kwa hiyo ubora wa kile kilichomo ndani ndio mtaji wake, na hauko mikononi mwake hata kidogo.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu, lakini inaonyesha jinsi mambo yanavyokwenda. Tuseme mchuuzi amelipa shilingi 600,000 za Uganda kwa robota lenye fulana 200, na nauli pamoja na ada ya soko ni shilingi 50,000. Amekopa fedha hizo kutoka kikundi chake cha kuweka na kukopa, na riba inamsubiri. Fulana 60 ni nzuri, zina majina yanayojulikana, anaziuza kwa shilingi 8,000 kila moja na kupata 480,000. Fulana 80 ni za kawaida, kwa shilingi 3,000 anapata 240,000. Zilizobaki 60 zimechanika, zimefubaa au zina madoa. Anaziuza kwa shilingi 500 za kufutia vumbi na kupata 30,000. Jumla ni 750,000, na amebaki na faida ya shilingi 100,000.

Sasa tuseme robota linalofuata ni la bei ileile, lakini fulana nzuri ni 30 badala ya 60, na zilizoharibika ni 90. Mapato yanashuka hadi shilingi 525,000. Amepata hasara ya shilingi 125,000, na deni bado lipo. Hakuna kilichobadilika sokoni Koboko. Mvua haikuzidi, wanunuzi hawakupungua, mpaka haukufungwa. Kilichobadilika kilibadilika mbali sana, fulana thelathini tu zikihama kutoka fungu moja kwenda jingine.

Na hapo ndipo mikakati ya kampuni za mavazi inapokutana na meza ya mchuuzi, kwa njia tatu ambazo hazikupangwa pamoja lakini hufanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni nyuzi. Ushindani wa bei umezifanya kampuni zitumie kitambaa chembamba zaidi na poliesta zaidi. Leo zaidi ya nusu ya nyuzi zote zinazotengenezwa duniani ni poliesta. Fulana iliyotengenezwa ili ivaliwe msimu mmoja hufika Koboko ikiwa tayari imemaliza umri wake. Isitoshe, kiangazi cha West Nile hakina huruma na kitambaa kisichonyonya jasho, na wanunuzi wanalijua hilo kwa ngozi zao.

Ya pili ni kasi. Shein, kampuni iliyoanzia China na kuuza kupitia simu, imeifanya hata H&M ionekane ya polepole. Nguo zake zimeanza kuonekana katika mivumba, na jina lake sokoni halina uzito uleule. Chapa iliyojengwa juu ya bei peke yake huwa na thamani ndogo inapouzwa mara ya pili.

Ya tatu ndiyo inayozungumzwa kidogo zaidi, na huenda ndiyo nzito zaidi. Zamani nguo nzuri iliyochoka kwa mwenyewe ilitupwa katika sanduku la hisani na hatimaye ikaingia katika robota. Leo mwenyewe huipiga picha na kuiuza kwa jirani kupitia majukwaa kama Vinted. H&M yenyewe ina hisa nyingi katika Sellpy, kampuni ya Stockholm inayouza nguo zilizotumika mtandaoni. Kwa mwekezaji huo ni mkakati mzuri: chapa inapata faida kwa nguo ileile mara mbili, na inaweza kujisifu kwamba inajali mazingira. Kwa robota maana yake ni kwamba maziwa yameenguliwa kabla hayajafika. Malai yamebaki Ulaya.

Marufuku iliyotangazwa mara mbili

Serikali za eneo hili zimejaribu kulitatua tatizo kwa kulifungia mlango. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo zilizotumika ndani ya miaka mitatu ili kufufua viwanda vya ndani. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani, SMART, kiliwasilisha malalamiko, na Washington ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilirudi nyuma kwanza, Uganda na Tanzania zikafuata. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru hadi dola 2.50 kwa kilo, ilikataa, na mwishoni mwa Julai 2018 mavazi yake yakaondolewa katika nafuu hiyo.

Agosti 2023, akifungua viwanda mjini Mbale, Rais Yoweri Museveni alitangaza upya kwamba mivumba imepigwa marufuku, akiieleza kuwa nguo za watu waliokufa. Si yeye wa kwanza kufikiri hivyo. Nchini Ghana jina maarufu la nguo hizo linamaanisha "mavazi ya mzungu aliyekufa". Wafanyabiashara wa Kampala walipinga vikali, na tangazo hilo halikugeuka mara moja kuwa sheria. Miezi michache baadaye, Januari 2024, Uganda iliondolewa katika AGOA kwa sababu nyingine kabisa, zinazohusu haki za binadamu, kwa hiyo tishio lililoirudisha nyuma likapoteza makali.

Hoja ya viwanda si ya kupuuzwa. Uganda hulima pamba, ikiwemo ya kaskazini, na karibu yote huuzwa nje ikiwa haijasokotwa. Kiwanda cha Nytil cha Jinja, kilichojengwa miaka ya 1950 kikitegemea umeme wa bwawa la Owen Falls, kiliwahi kuwa chapa ambayo kila familia iliijua. Kuanguka kwake, hata hivyo, kulianza na misukosuko ya miaka ya 1970, kabla mivumba haijafurika. Na nguo mpya za bei nafuu kutoka China zingelijaza pengo la mivumba haraka kuliko Jinja. Tangu Julai 2022 nguo mpya kutoka nje ya jumuiya zimo katika kundi linalotozwa ushuru wa asilimia 35, lakini katika masoko ya mpakani, ambako njia za vichochoro ni nyingi kuliko vituo vya forodha, ushuru huo ni wa karatasi zaidi kuliko wa mfukoni.

Mtu mmoja Kampala amelijibu suala hili kwa njia ya chapa yenyewe. Mbunifu Bobby Kolade, mwanzilishi wa Buzigahill, hununua mivumba, huikatakata, huishona upya na kuiuza tena Ulaya na Marekani. Mradi huo ameuita kwa Kiingereza "Return to Sender", maneno ambayo posta huyaandika juu ya barua inayorudishwa kwa aliyeituma. Ni kazi ndogo kwa kipimo, na bei zake si za Koboko. Lakini imefanya jambo ambalo mchuuzi wa robota hawezi: imebandika jina la Uganda juu ya jina la mwingine, na imelipwa kwa hilo.

Sheria za Ulaya, robota la Afrika

Katika sheria za nchi nyingi, mwenye chapa akishauza nguo kihalali hana haki ya kumzuia mnunuzi kuiuza tena. Ndiyo maana H&M haiwezi kumshtaki mchuuzi wa Arua, na kwa kipimo hichohicho mchuuzi wa Arua hawezi kuidai H&M chochote fulana yake ikichanika mikononi mwa mteja. Mahusiano yamekatika dukani.

Umoja wa Ulaya umeanza kuyaunga tena, kwa upande mmoja. Tangu 1 Januari 2025 nchi wanachama zinatakiwa kukusanya nguo kuukuu kando na taka nyingine. Nchini Uswidi wenyewe, vituo vya kukusanyia vilielemewa katika miezi ya mwanzo. Kuanzia 19 Julai 2026 kampuni kubwa zinapigwa marufuku kuharibu nguo ambazo hazijauzwa. Na sheria iliyoanza kutumika Oktoba 2025 inazitaka nchi wanachama, ndani ya miezi 30, ziweke mfumo ambao kila kampuni ya mavazi italipa ada kwa kila nguo inayoingiza sokoni, ili fedha hizo zigharimie ukusanyaji na uchambuzi.

Kwa pamoja, kanuni hizo zinamaanisha nguo nyingi zaidi zitakazokusanywa na chache zaidi zitakazochomwa. Sehemu ya nyongeza hiyo itabanwa kuwa marobota. Ada italipwa pale nguo inapouzwa mara ya kwanza na itatumika Ulaya inapochambuliwa. Inapotiwa ndani ya kontena, fedha hubaki nyuma. Nchini Ghana shirika la The Or Foundation limekuwa likidai kwamba ada iifuate nguo hadi sokoni, na mwaka 2022 Shein iliahidi kulipatia shirika hilo dola milioni 15 katika miaka mitatu, kwa ajili ya soko la Kantamanto mjini Accra na jumuiya inayolizunguka. Ilikuwa mara ya kwanza kampuni ya mavazi ya kiwango hicho kukubali kulipa kwa kile ambacho jina lake hufanya baada ya kuuzwa.

Kantamanto ina bahati ya kuwa katika mji mkuu, karibu na bahari na karibu na kamera. Robota linaloshushwa Koboko limepita mikono mingi mno kabla ya kufika, na kadiri mikono inavyozidi ndivyo inavyokuwa vigumu kusema nani anamdai nani. Mchuuzi anayekata kamba asubuhi ana ushahidi mmoja tu wa mahali fulana zake zilikotoka, nao umeshonwa ndani ya kola. Ukifubaa katika kufuliwa, kama unavyofubaa kwenye nguo nyingi za miaka ya karibuni, hata huo hana, na bei hushuka papo hapo.